Kebo Ndani ya Mlingoti
Desemba 1898 mafundi wa Guglielmo Marconi walifunga mitambo ya redio katika meli ya taa ya East Goodwin, pwani ya Kent, Uingereza. Waya wa antena ulining'inia wazi mlingotini. Ukikatika, ungeweza kuungwa palepale. Aprili 1899 meli iitwayo R. F. Matthews iliigonga meli hiyo ya taa, na mabaharia wake wakaomba msaada kwa redio.

Tabu ilikuja na kebo ya koaksia, ambayo Lloyd Espenschied na Herman Affel waliiombea hataza mwaka 1929. Mashua ndogo zilipopata redio za VHF, kebo ilifichwa ndani ya mlingoti na mabomba membamba. Inapendeza, kweli, lakini maji ya chumvi hupenya kwenye viungio na kuusawijisha msuko wa shaba.

Ili kuibadilisha kebo iliyoharibika, mafundi hufunga kebo mpya kwenye mkia wa ile kuukuu, kisha mmoja huvuta, mwingine husukuma. Fundo likiwa nene, hukwama konani.

Kebo ya aina ya RG-58, yenye unene wa milimita 5 hivi, hupita kirahisi, ila katika mita 15 hupoteza karibu nusu ya nguvu za VHF. Ile ya RG-213 huhifadhi nguvu nyingi zaidi, lakini ina unene wa milimita 10 hivi, na mabomba mengi ya zamani hayakuachiwa nafasi hiyo.