Nyumba ya Kujipikia
Niliwahi kuomba chumba “selfu” Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kikapuni nina unga, dagaa na nyanya. Nikapewa ufunguo wa chumba chenye choo na bafu ndani. Jiko hakuna. Mhudumu hakukosea: kwenye gesti zetu selfu ni choo cha ndani, na Kiswahili chake ni chumba cha kujitegemea.

Ndiyo maana “self-catering”, yaani malazi ambamo mgeni anakabidhiwa nyumba yenye jiko na vyombo apike mwenyewe, hatuwezi kuyaita ya kujitegemea. Neno hilo limeshapata mpangaji. Kujihudumia nako ni kushika sahani na kujipakulia chakula alichopika mwingine. Linalofaa ni kujipikia. Ile i kabla ya a ya mwisho ndiyo inayobeba maana ya kupika kwa ajili ya nafsi yako. Ukiiondoa unapata kujipika, na mgeni ameshaingia chunguni. Tena neno lenyewe halibuniwi leo. Mwanafunzi aliyepanga chumba karibu na shule husema anajipikia.

Ugumu unakuja nyumba hiyo ya kujipikia ikiwa shambani, kwenye neno shamba lenyewe. Ningesema shamba ni mahali panapolimwa, basi. Kilosa inanikatalia. Wilaya hii ya mkonge ina mashamba makubwa yaliyotelekezwa, na watu wameyapa jina: shamba pori. Mgeni akilazwa kwenye nyumba kuukuu iliyozungukwa na mkonge uliomezwa na vichaka, hajadanganywa akiambiwa yuko shambani, ila hatapata hata jani la mboga. Kwa hiyo naona tuseme kwa ukamilifu: nyumba ya kujipikia kwenye shamba linalolimwa.

Tofauti inaonekana jioni. “Shikamoo mama, naomba mchicha wa mia tano.” “Marahaba mwanangu, njoo tuchume.” Mizizi inatoka na udongo wake, nyanya mbili zinawekwa juu kama nyongeza, na kinu cha kutwangia karanga kinaazimwa hapo hapo.

Hifadhi ya Mikumi inaleta wageni tangu 1964, na tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Nanyi wenye mashamba mnaoandikisha vibao, wekeni neno KUJIPIKIA, na chini yake mtaje jikoni mna nini: mkaa au gesi, sufuria ngapi, na maji yanachotwa wapi.