Kutoka Nyoka wa Nokia hadi Kandege: Michezo Midogo Iliyoteka Vidole Vyetu

Abiria wakiadimika kwenye steji ya bodaboda ya Pap Onditi, makao makuu ya Kaunti Ndogo ya Nyakach, simu hutoka mfukoni. Mambo ni yaleyale Katito, Sondu na Ahero. Michezo inayochezwa kwenye vioo hivyo ina historia yake, na walioiunda ni watu wachache mno: mhandisi wa Finland, kijana wa Vietnam, kampuni changa kutoka Georgia. Ukiifuatilia historia hiyo utaona kwamba mvuto wa mchezo haujawahi kuwa dhambi. Madhara yalianza pale kila jaribio lilipotozwa pesa.

Kabla ya simu, ukanda huu wa Nyanza ulikuwa na ajua, mchezo wa vishimo na mbegu ulio ndugu wa bao la Waswahili na omweso wa Uganda. Vishimo vya jamii hiyo ya michezo vimechongwa hata kwenye mwamba wa Hyrax Hill, karibu na Nakuru. Mtu angeweza kushinda kwenye ajua mchana kutwa, lakini hapakuwa na kampuni iliyomtoza kwa kila mbegu aliyoitembeza.

Mwaka 1997, Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia, aliweka mchezo wa nyoka ndani ya simu ya Nokia 6110. Wazo lenyewe halikuwa jipya, kwani Blockade, mchezo wa kampuni ya Gremlin ya Marekani, ulikuwa umetoka mwaka 1976. Armanto aliongeza jambo dogo lenye akili: nyoka anapokaribia ukuta, mchezaji hupewa nafasi fupi sana ya kugeuka. Kwa hiyo kila aliyeshindwa aliamini kwamba alikaribia kufaulu, akaanza upya. Nokia 1100 ilipokuja mwaka 2003 na tochi yake, ile tuliyoiita mulika mwizi, nyoka alifika hadi vijijini. Ukishainunua simu, ulicheza bila kulipa tena.

Kisha akaja Dong Nguyen wa Hanoi. Flappy Bird, mchezo wa ndege anayepenya kati ya mabomba, aliuunda peke yake kwa siku chache na kuutoa Mei 2013. Mwanzoni mwa 2014 ulikuwa umetapakaa duniani kote. Februari mwaka huohuo aliuondoa mwenyewe, akieleza kwamba ulikuwa umewateka watu kupita kiasi. Aliacha mapato makubwa kwa sababu dhamiri ilimsuta, na uamuzi huo unastahili heshima.

Wakenya nao hawakukaa kando. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, na miaka miwili baadaye akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Planet Rackus walitengeneza Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu, nao Black Division Games ya Andrew Kaggia wakatoa Nairobi X mwaka 2015. Walithibitisha kwamba barabara na miji yetu inaweza kumvutia mchezaji kama ya kwingineko.

Lakini njia nyingine ilikuwa tayari imefunguka. M-Pesa ilianza Machi 2007, ikarahisisha kutuma hata kiasi kidogo cha pesa. SportPesa iliingia mwaka 2014, na kamari ya mpira ikahamia kwenye simu. Masokoni zilisambaa mashine za kamari kutoka China zilizomeza sarafu za shilingi 20, mpaka serikali ikazinasa na kuziteketeza mwaka 2018.

Mwaka uliofuata ulitoka Aviator wa Spribe, ile kampuni ya Georgia iliyoanzishwa mwaka 2018. Huku kwetu ndio kandege. Ndege hupaa, kizidishi cha dau lako hupanda, nawe sharti utoe pesa zako kabla haijatoweka. Raundi huisha kwa sekunde chache, kisha nyingine huanza. Mchezo umepangwa kurudisha kwa wastani asilimia 97 ya dau. Kiwango hicho husikika kama ukarimu, ila ukizungusha shilingi 100 na kila kinachobaki mara 23, kwa wastani unasaliwa na chini ya 50. Ule ujanja wa nyoka wa kumfanya aliyeshindwa aone kwamba alikaribia, hapa unalipiwa kila mara.

Bunge limechukua hatua: Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliyotungwa enzi ambazo hakuna aliyewaza kasino ndani ya mfuko wa suruali. Sheria mpya itapimwa kwa kasi ya raundi hizo: je, itamlazimisha mwenye mchezo kuweka pumziko kati ya raundi moja na nyingine?

Kazi ya pili ni yetu. Shule za Nyakach zina watoto wanaoweza kujifunza namna mchezo unavyotengenezwa, kuanzia nafasi ya Armanto hadi kizidishi cha kandege. Anayejua jinsi mtego ulivyotegwa hanaswi kwa urahisi, na huenda siku moja akaunda mchezo unaopendwa bila kumfilisi jirani yake. Armanto na Nguyen hawakuhitaji jeshi la wafanyakazi kuvuta mamilioni ya watu. Kijana wa Pap Onditi naye anaweza.