Kidonda cha Mgandamizo: Jina Linalotaja Chanzo

Mtu aliyelala muda mrefu bila kuweza kujigeuza, ngozi yake huweza kufa na kufumuka kidonda. Kwa Kiswahili kidonda hicho kina majina yasiyopungua matano: kidonda cha kulala, kidonda cha kulalia, kidonda cha kitandani, kidonda cha shinikizo na kidonda cha mgandamizo. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huo wa majina hauna ubaya. Katika kuuguza, kila jina humvuta anayeuguza upande wake: mmoja atashughulika na godoro, mwingine atatafuta dawa, na wa tatu ataona kwamba mgonjwa akishalala tu kidonda hakikwepeki. Kwa hiyo inafaa tuyapime majina haya kwa kipimo kimoja: je, ukilisikia jina, unajua la kufanya?

Lugha za Ulaya nazo zilihangaika na swali hili. Madaktari wao walitumia kwa muda mrefu neno decubitus, lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulala chini. Jina hilo lilitaja hali ya mgonjwa, likanyamazia sababu. Mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré, aliyeishi karne ya 16, aliielewa sababu hiyo kwa vitendo: mgonjwa wake mmoja aliyejeruhiwa kwa risasi alipofumuka kidonda kwenye kalio, alimtengenezea mto mdogo wa manyoya laini ili kalio lisibebe uzito. Mwaka 1853 mwanafiziolojia Brown-Séquard alionyesha kwa majaribio kwamba wanyama waliokatwa uti wa mgongo hawakupata vidonda walipowekwa safi na bila kukandamizwa mahali pamoja. Hata hivyo, baadaye Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa Paris, alifundisha kwamba vidonda hivi huletwa na kuharibika kwa neva zenyewe, na kwamba ni ishara ya kifo kilicho karibu. Waliomfuata hawakuwa na sababu ya kumgeuza mgonjwa. Muuguzi Florence Nightingale alikwisha kuona vingine kabla yake: katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliandika kwamba kidonda cha namna hii kwa kawaida hutokana na uuguzi wala si ugonjwa.

Majina yetu, moja baada ya jingine

"Kidonda cha kulala" ni jina jepesi, na ndiyo sababu limeenea. Kasoro yake ni kwamba linawaacha nje wengi wanaougua. Anayekaa kutwa kwenye kiti mwendo huota kidonda kwenye makalio ilhali hajalala. Aliyefungwa hogo lililobana huweza kupata kidonda kisiginoni ndani ya plasta, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mpira wa hewa uliofungwa kwa nguvu juu ya sikio huacha kidonda nyuma ya sikio hilo. Familia iliyoambiwa ijihadhari na kulala itamkalisha mgonjwa kwenye kiti tangu asubuhi hadi magharibi, ikidhani imemwokoa.

"Kidonda cha kulalia" kimepiga hatua mbele. Kitenzi kulalia kinadai kitu kinacholaliwa. Mtu hulalia ubavu, hulalia mkono mpaka ukafa ganzi. Jina hili linaelekeza macho kwenye sehemu ya mwili iliyo chini, na hapo ndipo anayeuguza anapotakiwa kutazama. Kati ya majina ya mitaani hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, na sioni haja ya kulifuta vinywani mwa watu.

"Kidonda cha kitandani" kinakibebesha kitanda lawama yote. Godoro zuri husaidia sana, lakini mgonjwa asiyegeuzwa huumia hata juu ya godoro jipya.

"Kidonda cha shinikizo" kina hatari ya pekee. Wagonjwa wengi wanaolala muda mrefu ni wa kiharusi, na nyumbani kwao neno shinikizo limekwisha kuwa na maana moja tu: shinikizo la damu. Ukiwaambia kwamba mzee wao ana kidonda cha shinikizo, watakuelewa kwamba shinikizo lake la damu limepanda mpaka likatoboa ngozi. Watahesabu vidonge, na mzee ataendelea kulalia ubavu uleule.

Lipo pia jina ambalo halimo katika orodha yangu lakini hutajwa kidonda kikishachimbika: donda ndugu. Hilo lina ugonjwa wake, na katika masikio ya wengi limebeba hofu ya kitu kisichopona. Halifai hapa.

Limebaki mgandamizo. Kitenzi kugandamiza kila mtu anakijua: kusukuma kitu kwa uzito dhidi ya kitu kingine. Watabiri wa hali ya hewa wanalitumia neno hilo wanapotaja mgandamizo mdogo au mkubwa wa hewa, kwa hiyo msikilizaji wa redio halioni geni. Nalo linazusha maswali mara moja: nini kinagandamiza nini, wapi, na kwa muda gani? Maswali hayo ndiyo kazi yenyewe ya kumkinga mgonjwa.

Kati ya mfupa na godoro

Chini ya ngozi ya mgongo, kiunoni, nyongani na visiginoni kuna mfupa ulio karibu na nje. Mwili unapolala, nyama na ngozi hubanwa kati ya mfupa huo na godoro. Mishipa midogo kabisa ya damu, kapilari, haina nguvu ya kushindana na mbano huo. Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis aliingiza mrija mwembamba mno katika kapilari za ukingo wa ukucha, akakuta upande unaoingiza damu una kanieneo ya wastani wa milimita 32 hivi za zebaki. Kipimo hicho si mpaka unaofanana kwa kila mtu na kila kiungo, lakini kinaonyesha udogo wa nguvu inayotosha kuzuia damu isipite.

Nimetumia neno kanieneo kwa makusudi. Ni istilahi ya fizikia: kani iliyogawanywa kwa eneo inapoangukia. Uzito uleule ukitandazwa juu ya eneo kubwa, kila sehemu hubeba kidogo. Ukitua juu ya kisigino kimoja, kisigino hicho huubeba wote. Mto na godoro nene hufanya kazi hiyo ya kutandaza. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni muda. Mwaka 1959 mtafiti Michael Kosiak alionyesha kwa wanyama kwamba mgandamizo mkubwa huharibu nyama kwa muda mfupi, na ule mdogo huiharibu vilevile ukidumu saa nyingi. Mtu mzima mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujijua, na hivyo muda hukatika wenyewe. Aliyepooza, aliyezimia, au aliyechoka kwa ugonjwa hana kinga hiyo.

Nyama hufa mapema kuliko ngozi, na uharibifu mara nyingi huanzia karibu na mfupa. Ni kama boriti iliyoingiliwa na mchwa: nje imesimama, ndani imekwisha. Ndiyo maana familia huona doa dogo leo, na baada ya siku chache shimo linaloingia ngumi.

Mgandamizo una wasaidizi. Mgonjwa akiinuliwa kichwa sana huteleza kuelekea miguuni. Ngozi inashikwa na shuka, mifupa inashuka, na mishipa iliyo katikati inavutwa na kupindika. Akiburutwa kitandani, ngozi huchubuka. Jasho na mkojo hulainisha ngozi mpaka inakosa uimara. Mpira au nailoni inayotandikwa kuokoa godoro huongeza jasho, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa shuka ya pamba.

Kabla ya kidonda kuitwa kidonda

Istilahi niliyoichagua ina pengo. Kidonda kwa Kiswahili ni ngozi iliyofunguka. Lakini daraja la kwanza la madhara haya halina ngozi iliyofunguka. Ni rangi iliyobadilika isiyorudi hata uzito ukiondolewa. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani linaloshughulikia jambo hili liliacha neno lenye maana ya kidonda likachukua lenye maana ya jeraha, kwa hoja kwamba jeraha huweza kuwapo ngozi ikiwa nzima. Kwetu mabadiliko hayo hayasaidii, maana jeraha nalo humfanya Mswahili afikirie damu na panga. Mimi napendekeza tuseme "alama ya mgandamizo" kwa hali ya kabla, na "kidonda cha mgandamizo" ngozi ikishafunguka. Anayeambiwa atafute kidonda husubiri kidonda. Anayeambiwa atafute alama huikuta wakati bado inaweza kufutika.

Vitabu vingi vilivyotafsiriwa huieleza alama hiyo kuwa ni "wekundu". Maelezo hayo yalitungwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi alama huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na pengine haionekani kabisa. Mkono hapo hushinda jicho. Pasa palipo na mfupa, kisha pasa pembeni yake: je, ni pa moto au pa baridi kuliko jirani yake? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kuliko kawaida? Mgonjwa anashtuka ukipagusa? Fungua dirisha upate mwanga wa mchana. Istilahi sahihi kwa wasomaji wetu ni "mabadiliko ya rangi, joto au ugumu", na wekundu uwe mfano mmojawapo.

Neno jingine la kuangaliwa ni "hatua". Madhara haya hupangwa katika makundi manne: ngozi nzima yenye alama; ngozi ya juu iliyochubuka au kufanya lengelenge; shimo lililofika kwenye mafuta; na shimo lililofika kwenye msuli, kano au mfupa. Tukisema hatua, tunaahidi safari ya moja hadi nne, kumbe kidonda huweza kujitokeza kikiwa cha nne tangu mwanzo. Wataalamu wa Ulaya hupendelea neno lenye maana ya kundi. "Daraja" linatufaa, maana hutaja kina bila kudai mfuatano. Na kidonda cha daraja la tatu au la nne, au chenye usaha, harufu au homa, ni cha hospitali.

Kugeuza

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo wagonjwa kama hao walikufa kwa usaha wa vidonda na maambukizi ya mkojo, na wengi waliona hakuna la kufanya. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na aliamka usiku kuhakikisha. Wengi waliotarajiwa kufa waliishi, wakaingia michezoni. Mashindano aliyoyaanzisha mwaka 1948 ndiyo mzizi wa Michezo ya Paralimpiki.

Saa 2 zimebaki kuwa kanuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada haukuona tofauti kati ya kugeuza kila baada ya saa 2, 3 au 4, lakini wazee wale walilalia magodoro mazito yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyumba yenye godoro la sponji lililobonyea katikati haina ruhusa hiyo. Ratiba iandikwe na kubandikwa ukutani: saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kushoto, na kuendelea hadi usiku, pamoja na jina la mwenye zamu.

Ubavu nao una namna yake. Mgonjwa akilazwa ubavu wima, uzito wote hutua kwenye mfupa wa nyonga. Aegamishwe kwa mto nyuma ya mgongo, mwili uinuke kiasi cha nyuzi 30 kutoka chali. Mkao huu napenda kuuita "kuegama". Mto mwingine uwekwe chini ya muundi ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, na mwingine kati ya magoti. Kumsogeza, watu wawili wamnyanyue kwa khanga iliyokunjwa na kutandikwa chini yake. Anayeketi kwenye kiti mwendo na ana nguvu za mikono ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hivi.

Mambo mengine hufanywa kwa upendo na yanadhuru. Kukanda au kusugua palipo na alama huchana mishipa iliyokwisha kudhoofika. Spiriti hukausha ngozi. Ngata ya kitambaa au tyubu yenye upepo chini ya makalio huhamishia mgandamizo kwenye ukingo wake na kubana damu ya katikati. Na uji mtupu haujengi nyama: mgonjwa anahitaji mayai, maziwa, maharage, dagaa au karanga, pamoja na maji ya kutosha.

Nawaomba wauguzi, watafsiri na waandishi wa vipeperushi vya afya tushike istilahi hizi pamoja: mgandamizo kwa chanzo, alama kwa onyo, daraja kwa kina, kuegama kwa mkao. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, isitoshe kuwaambia ndugu zake wamwangalie asipate vidonda. Waonyeshwe kwa mkono mifupa inayogandamizwa, waambiwe saa za kumgeuza, na wafundishwe kuipapasa alama. Familia iliyofundishwa hivyo ina kazi ya kufanya tangu usiku wa kwanza, ngozi ikiwa bado nzima.