Kanuni za usalama za msimamizi

Kanuni za usalama za msimamizi ni masharti ya kuruhusu au kuzuia mawasiliano ambayo timu kuu ya usalama huyaweka kwa pamoja juu ya mitandao pepe mingi katika wingu la Microsoft Azure. Hutungwa kupitia Azure Virtual Network Manager, na hukaguliwa kabla ya kanuni za vikundi vya usalama wa mtandao, ambavyo mara nyingi huwa mikononi mwa wenye programu.

Kila kanuni hutaja mwelekeo, itifaki, chanzo, anwani lengwa, poti na kipaumbele. Namba ndogo hutangulia. Kitendo chake ni kimoja kati ya vitatu. Kuzuia hukata mawasiliano papo hapo: poti 22 ya SSH ikifungwa dhidi ya intaneti, timu ya programu haiwezi kuifungua kwa kikundi chake. Kuruhusu huyapeleka mawasiliano hadi kwenye kikundi, ambacho bado kinaweza kuyakataa. Kuruhusu daima huyapitisha bila kujali kikundi, na hufaa kwa trafiki ya ufuatiliaji au masasisho.

Kuandika kanuni hakutoshi, jambo linalosahaulika kwa urahisi. Huanza kazi pale tu usanidi wenye kanuni hizo unaposambazwa katika kanda zilizochaguliwa. Mtandao pepe unaoongezwa baadaye kwenye kundi la mitandao linalolengwa na usanidi huo, ndani ya kanda hizo, huzipokea bila usambazaji mpya.