Likizo ya Ndoo Moja na Nusu

Mwezi wa Juni mwaka 1994 niliwapeleka watoto wangu watatu kwenye stesheni ya reli ya Dar es Salaam kuangalia treni ya Tabora ikiondoka. Sisi wenyewe hatukuwa wasafiri. Tulikwenda kumkabidhi jirani yetu kifurushi cha Bibi yao: doti ya kanga, nazi sita na barua. Miezi mitatu kabla ya hapo shirika la umma nililolitumikia kwa miaka kumi na minne lilikuwa limenipunguza kazini pamoja na wenzangu wengi. Ahadi niliyowapa watoto tangu mwaka mpya, kwamba likizo ya Juni tungekwenda wote kwa Bibi, ikawa imekufa. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, hata kwa daraja la tatu, ingemaliza unga wetu wa miezi miwili.

Treni ilipopiga honi na mabehewa yakaanza kusogea, kitindamimba wangu alilia. Mimi nilitazama pembeni. Ndipo binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, akauliza kwa sauti ya kutaka kunitoa katika aibu ile, au labda alitaka tu kujua: "Baba, zamani kabla ya treni watu walikuwa wanakwendaje kwa Bibi?"

"Kwa miguu," nikamjibu.

Kaka yake akacheka, akidhani nafanya mzaha. Lakini sikuwa natania. Babu yangu mzaa baba alitembea njia hiyo mara mbili, na mzigo begani. Alikuwa mpagazi. Jambo hilo nilikuwa sijapata kuwaambia watoto. Kwa watu wa rika langu waliosoma wakapata meza ya ofisi, neno mpagazi halikuwa la kujivunia.

Usiku ule, umeme ukiwa umekatika, niliwasimulia kwa mwanga wa kibatari. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo kila kitu kilichotoka bara kwenda pwani, au pwani kwenda bara, kilisafiri juu ya kichwa au bega la binadamu. Pembe za ndovu ziliteremka. Nguo za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba zikapanda. Ng'ombe na punda hawakuweza kutegemewa kwa kazi hiyo, maana mbung'o waliwaua njiani. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa upagazi, na wengi wao walikuwa watu huru, waliofanya mapatano ya ujira kabla ya kuinua mzigo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake.

"Mzigo ulikuwa na uzito gani?" kifunguamimba akauliza. Alikuwa darasa la sita na alipenda hesabu.

Nilimwambia kwamba watu wa zamani walipima kwa frasila, na kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Akafikiri kidogo. Ndoo yetu ya maji ilichukua lita 20, basi ilikuwa kilo 20. "Kumbe ndoo moja na nusu," akasema.

Kesho yake asubuhi likizo yetu ikaanza kwenye bomba la mtaa. Kijana alijaza ndoo moja tu, akajitwisha, akaanza safari ya kwenda Tabora kwa kuzunguka nyumba yetu. Dada yake alihesabu mizunguko, na mdogo wao alitangulia na kitambaa kwenye fimbo, akiwa kirangozi. Majirani walidhani tumeingiwa na wazimu. Mzunguko wa tisa kijana akaitua ndoo, shingo imekakamaa. Tukapiga hesabu: msafara ulikwenda kama kilomita 15 kwa siku, sawa na kutoka Kariakoo hadi Ubungo na kurudi. Mwingereza Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi mwaka 1871 akafika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi Juni. Miezi mitatu! Kijana akaiangalia ndoo kwa heshima mpya.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyokuwa vijijini. Watoto waliingia ndani ya msonge wa Kihaya wakatoka wakisema ni kama kuingia ndani ya kikapu. Mimi niliwaketisha kwenye tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo. Niliwaambia kwamba Babu yao mkubwa alizipita nyumba kama hizi baada ya kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na kwamba zamani watemi wa Ugogo walitoza misafara hongo ndipo wairuhusu kuteka maji. "Kumbe hongo ni ya zamani," mama yao akasema, tukacheka sana.

Wiki ya tatu tulifanya safari kubwa. Mama yao alichemsha viazi vitamu na mayai, tukajaza maji kwenye dumu, tukapanda basi la Bagamoyo. Barabara siku zile ilikuwa ya vumbi na makorongo, tukashuka tukiwa wekundu hadi kwenye kope. Tulitembea kwa miguu hadi magofu ya Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji, kwenye mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye minara ya mawe ya matumbawe. Tuliporudi mjini tulipita kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Niliwasimulia jinsi maiti ya Livingstone ilivyofikishwa pale mwezi Februari mwaka 1874, ikitoka kijiji cha Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wapagazi na watumishi wake waliibeba kwa miezi kadhaa, wakipitia Unyanyembe.

"Hao waliobeba waliitwa nani?" binti akauliza.

Nilijua majina mawili: Susi na Chuma. Alingoja niendelee. Sikuwa na mengine ya kumpa.

Tulikula viazi vyetu ufukweni, majahazi yakiwa yameegama mchangani. Pale ndipo lilipokuja swali nililokuwa naliogopa. Shuleni kifunguamimba alifundishwa kwamba jina Bagamoyo linatokana na "bwaga moyo", maneno ya watumwa waliofika baharini wakakata tamaa. "Baba, kwani Babu alikuwa mtumwa?"

Nilimweleza kama nilivyoelewa. Maana ya jina hilo husimuliwa kwa namna mbili. Wengine wanasema ni kilio cha mateka, wengine wanasema ni pumzi ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari akatua mzigo na wasiwasi wake. Baba yangu alinisimulia hiyo ya pili. Nilimwambia kijana kwamba njia ilikuwa moja, na waliopita humo hawakuwa wa aina moja. Aliyetembea kwa ujira na aliyefungwa mnyororo walikanyaga vumbi lile lile. Sultani Barghash alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwaka 1873, miaka mingi kabla babu yangu hajapita. Yeye alikwenda kwa hiari, kutafuta rupia za Mjerumani na nguo za kuolea. Hivyo ndivyo nilivyosema, lakini moyoni niliona kwamba najua machache mno kuhusu mtu ambaye damu yake ninayo.

Tuliporudi nyumbani watoto walimwandikia Bibi barua ya maswali kumi na mawili. Majibu yalifika mwishoni mwa Agosti, yameandikwa na binamu yao kwa imla ya Bibi. Safari ya kwanza, alisema, Babu alirudi na gora la merikani, rupia chache, na ganda la konokono wa baharini alilolipuliza kijijini kama pembe. Safari ya pili aliugua Ugogo. Mzigo wake akapewa mtu mwingine, na ujira ukaenda na mzigo. Alirudi mikono mitupu. Alikaa siku nne kwa dada yake katika kijiji jirani, akiona haya kuingia kwake, mpaka mkewe alipomfuata na kumwuliza kama anadhani aliolewa na merikani. Mzee mwenyewe alikuwa akikisimulia kisa hiki uzeeni huku akicheka hadi machozi.

Mwisho wa barua mama yangu alikuwa ameongeza sentensi moja, si kwa wajukuu bali kwangu: "Mwakani njooni, hata mikono mitupu."

Niliisoma mara nyingi. Sikuwa nimemwandikia kwamba nimepunguzwa kazini. Labda jirani alimwambia, labda nazi sita zilimwambia.

Juni mwaka 1995, nikiishi kwa vibarua vya kuandika hesabu za maduka, tulipanda daraja la tatu, tumebanana kama dagaa. Usiku kijana alisimama dirishani akisema majina ya stesheni, akihesabu kila moja ni siku ngapi za ndoo moja na nusu. Tulipofika, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtekea Bibi maji.

Watoto wale sasa ni wazazi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na wajukuu wangu huona hata hizo ni nyingi. Likizo iliyopita walikuja kwangu wakalalamika kwamba hakuna cha kufanya. Sikubishana nao. Nilimwambia mkubwa wao aende bombani na ndoo, na mdogo atafute fimbo na kitambaa.

Ndugu msomaji, sikusimulii haya ili kusifu ufukara. Mwaka ule ulikuwa mgumu, na ningekuwa na fedha ningenunua tiketi bila kufikiri mara mbili. Lakini kama likizo imefika na mfuko hauna kitu, waketishe watoto uwaambie babu yao alifanya kazi gani. Usiruke sehemu ya aibu. Kisha waacheni waulize, na msichokijua mwandikieni mzee aliye hai mapema, kabla kalamu na sauti havijapishana.