Rangi ya Nywele: Kutoka Udongo Mwekundu wa Meru Hadi Blichi ya Nyumbani



Kila msimu wa harusi ukikaribia, sisi tunaoshona magauni hapa Arusha tunasikia swali lile lile: bi harusi anataka nywele za dhahabu, na anataka ajipake mwenyewe nyumbani. Wako wanaosema hayo ni mambo ya juzi, yameletwa na simu. Tukitazama nyuma tutaona kuwa rangi kichwani ni jambo la zamani. Kipya ni dawa yenyewe.

Chini ya Mlima Meru wanaishi Waarusha, wanaosema Kimaa na waliohamia hapo tangu miaka ya 1830. Kwao na kwa ndugu zao Wamasai, aliyejipamba nywele alikuwa kijana wa kiume. Morani alifuga nywele ndefu, akazisuka, akazipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Wanawake walinyoa.

Kwetu Waislamu, habari inaanzia mwaka wa 8 Hijria (630), Makka ilipokombolewa. Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na mvi nyeupe pee. Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe. Katika riwaya nyingine ameisifu hina.

Kisha serikali nayo ikaingia kichwani. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wakuu wa hapa walianza kampeni ya kuwaachisha Wamasai lubega na udongo mwekundu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukapitisha marufuku ya vimini, suruali za kubana, wigi na dawa za kujichubua, ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Morani aliambiwa amebaki nyuma, binti wa mjini akaambiwa anaiga Uzungu. Kila mtu akawa na la kusema juu ya kichwa, isipokuwa mwenye kichwa.

Blichi yenyewe ilitoka Ulaya. Mfaransa Louis Jacques Thénard aligundua haidrojeni peroksaidi mwaka 1818, na kwenye maonyesho ya Paris ya 1867 watu walionyeshwa jinsi inavyogeuza nywele nyeusi kuwa za dhahabu.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Udongo hukaa juu ya nywele, na hina hushikamana nazo. Vyote viwili huongeza rangi. Blichi huondoa. Amonia hufungua magamba ya unywele, peroksaidi ikaingia ndani na kuvunja weusi wake. Nywele zetu zina weusi mwingi, kwa hiyo hupita wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, kabla ya kufika kwenye dhahabu. Wengi wa nyumbani hukwama kwenye chungwa, wakarudia siku hiyo hiyo, na nywele zikakatika kama uzi uliooza. Zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha huwa dhaifu zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo mabibi harusi hawaambiwi. Baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina umetiwa chumvi za madini. Ukikutana na peroksaidi huweza kuchemka kichwani na kuunguza. Kwa hiyo aliyepaka hina asiyoijua asiguse blichi kabla ya kukata nywele chache, kuzijaribu kwenye kibakuli na kuona zinavyokuwa. Ngozi nayo ijaribiwe nyuma ya sikio, saa 48 kabla. Na yote yafanyike wiki kadhaa kabla ya harusi, isiwe usiku wa kuamkia.

Kwa upande wa dini, wanazuoni wengi wanaruhusu mwanamke kubadilisha rangi ya nywele zake, maadamu hakuna madhara, udanganyifu wala kuwaonyesha wasio maharimu. Rangi iliyoingia ndani ya unywele haizuii maji ya josho. Linalobaki ni lile la kutojidhuru, na hilo ni amri, si ushauri wa saluni.

Basi, dada, usimwachie mtu mwingine kichwa chako, na wewe usikiunguze. Nywele ni amana. Anayezipenda atazipenda nyeusi, na akipenda rangi, hina safi ipo tangu enzi za Mtume.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na rehema. Amin.