Westville: Chuo cha ubaguzi kilichogeuka uwanja wa mapambano

Tarehe 1 Januari 2004, Chuo Kikuu cha Durban-Westville nchini Afrika Kusini kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Natal, na jina lake likafutika. Chuo hicho kiliasisiwa kwa lengo la kuwatenga vijana wenye asili ya India na wenzao. Hata hivyo, humo humo walipatikana baadhi ya waliokataa kutengwa.

Njia mbili tofauti

Mei 17, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba. Uamuzi huo uliwapa Wamarekani weusi silaha mpya ya kudai haki zao.

Miaka mitano baadaye, Bunge la Afrika Kusini, lenye wabunge Wazungu watupu, lilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1959, iliyoitwa ya kupanua elimu ya vyuo vikuu, ilimzuia asiye Mzungu kujiandikisha katika vyuo vya Wazungu bila ya kibali cha waziri.

Badala yake viliwekwa vyuo vya makundi: Ngoye kwa Wazulu, Turfloop kwa Wasotho, Wavenda na Watsonga, Bellville kwa watu wa asili mchanganyiko, na Durban kwa Wahindi.

Kususia au kuingia?

Chuo cha Wahindi kilianzia kisiwani Salisbury, ndani ya bandari ya Durban, katika majengo yaliyowahi kutumiwa na jeshi la majini. Mwaka 1962, wakati James Meredith alipokuwa akiingizwa Chuo Kikuu cha Mississippi chini ya ulinzi wa serikali kuu ya Marekani, vijana wa Durban walikuwa wakivuka maji kwenda kusoma peke yao.

Vyama vya ukombozi vilitaka chuo hicho kisusiwe, na kwa miaka mingi idadi ya wanafunzi ilibaki ndogo. Lakini kwa familia isiyo na uwezo wa kumpeleka mtoto ng'ambo, kususia kulikuwa na maana ya kukosa elimu kabisa. Katika miaka ya 1980 msimamo ulibadilika: wanafunzi waingie, wasome, na wapinge wakiwa ndani.

Kilimani Westville

Mwaka 1971 chuo kilipewa hadhi ya chuo kikuu, na mwaka uliofuata kikahamia Westville, magharibi ya Durban. Mji huo, uliopewa jina la Martin West, luteni gavana wa kwanza wa Natal, ulikuwa chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi. Mwanafunzi wa Kihindi aliweza kusoma Westville, lakini nyumba katika mitaa ya Wazungu hakuruhusiwa kununua.

Jirani yake, Cato Manor, wakazi walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu: Waafrika wakapelekwa KwaMashu na Umlazi, na Wahindi wengi Chatsworth.

Neno lililovunja kuta

Pigo kubwa kwa mpango huo lilitoka kwa SASO, jumuiya ya wanafunzi iliyoongozwa na Steve Biko, aliyesomea udaktari mjini Durban. Kwa SASO, mtu mweusi alikuwa ni yeyote aliyekandamizwa kwa rangi yake: Mwafrika, Mhindi au wa asili mchanganyiko. Makundi ambayo sheria iliyatenga yakajumuishwa kwa neno moja.

Strini Moodley na Saths Cooper, waliokuwa wametimuliwa katika chuo cha Salisbury, walikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu hilo. Septemba 25, 1974, mkutano uliitishwa katika uwanja wa Curries Fountain, Durban, kushangilia ushindi wa Frelimo, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kamatakamata ikafuata. Desemba 1976, Moodley, Cooper na wenzao saba walihukumiwa vifungo, wakapelekwa kisiwa cha Robben.

Naye Pravin Gordhan, aliyehitimu ufamasia Westville mwaka 1973, alikuja kuwa waziri wa fedha mwaka 2009.

Mlango na ada

Mwaka 1984 chuo kilipata mamlaka ya kujiendesha na kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Katika miaka ya 1990 Waafrika wakawa wengi zaidi chuoni. Lakini sheria ilipoondoka, umaskini ulibaki. Mei 2000, miaka sita baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, mwanafunzi mmoja aliuawa kwa risasi ya polisi wakati wa maandamano ya kupinga kufukuzwa kwa walioshindwa kulipa ada.

Leo Westville ni kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Kituo chake cha nyaraka kina majina mawili, la Gandhi na la Albert Luthuli, kiongozi wa ANC ambaye mwaka 1962 yeye na Martin Luther King walitoa wito wa pamoja wa kuutenga utawala wa Makaburu. Mhindi na Mzulu, ambao sheria ya mwaka 1959 isingewaruhusu kuketi darasa moja, sasa wanakaa katika jina moja.